James Earl Jones

James Earl Jones (17 Januari 1931 – 9 Septemba 2024) alikuwa mwigizaji wa jukwaani, filamu na televisheni kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa sauti yake nzito, iliyotumika kwa wahusika wawili mashuhuri wa sinema: Darth Vader katika mfululizo wa filamu za Star Wars na mfalme Mufasa katika filamu ya katuni The Lion King ya mwaka 1994. Kazi yake ilidumu kwa zaidi ya miaka 60. Alishinda tuzo za Tony, Emmy na Grammy, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Oscar ya heshima.

Mtu huyu ambaye sauti yake ilikuja kutambulika duniani kote alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kwa takriban miaka 8 alikuwa karibu bubu. Hata baada ya kuwa maarufu alisema kuwa kigugumizi hakikupona, bali alijifunza kuishi nacho.

Maisha ya awali

Jones alizaliwa katika kijiji cha Arkabutla, jimbo la Mississippi. Mama yake, Ruth Connolly, alikuwa mwalimu na mtumishi wa nyumbani. Baba yake, Robert Earl Jones, aliwahi kuwa bondia na dereva kabla ya kuwa mwigizaji. Wazazi hao walitengana mapema, na mtoto alilelewa na babu na bibi wa upande wa mama, John Henry na Maggie Connolly.

Alipokuwa na umri wa miaka 5, familia ilihama Mississippi na kwenda kulima katika eneo la Dublin, kaskazini mwa jimbo la Michigan. Wakati huo familia nyingi za Wamarekani weusi zilikuwa zikiyahama majimbo ya kusini ili kuepuka ubaguzi na umaskini. Jones mwenyewe alieleza kuwa kuhama huko kulimtikisa sana. Alianza kushikwa na kigugumizi, na watoto wenzake walipomcheka aliamua kunyamaza. Shuleni alijibu kwa maandishi. Nyumbani alizungumza maneno machache tu na watu wake, lakini alisema kuwa na mifugo ya shambani aliongea bila shida.

Hali hiyo ilibadilika alipokuwa shule ya sekondari katika mji mdogo wa Brethren. Mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch, aligundua kuwa kijana huyo asiyesema alikuwa akitunga mashairi. Siku moja Jones aliwasilisha shairi juu ya tunda la balungi. Mwalimu alimwambia kuwa shairi ni zuri kiasi cha kutia shaka kama kweli ni lake, na kwamba njia ya kuthibitisha ni kusimama mbele ya darasa na kulighani bila kusoma. Jones alisimama akalighani lote bila kukwama. Tangu hapo Crouch alimtaka asome mashairi mbele ya wenzake mara kwa mara. Jones alikuja kugundua kuwa maneno yenye mizani, ambayo ameyatunga au kuyakariri kabla, yalimtoka kwa urahisi kuliko mazungumzo ya kawaida. Alimtaja mwalimu huyo kwa shukrani maisha yake yote.

Chuo na jeshi

Mwaka 1949 Jones alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan kwa nia ya kusomea udaktari. Alijiunga pia na mafunzo ya maafisa wa jeshi yanayotolewa chuoni. Baadaye aliacha masomo ya utabibu na kugeukia sanaa za maonyesho.

Mwaka 1953 alipewa cheo cha luteni, wakati Vita ya Korea ikiwa inafikia mwisho, kwa hiyo hakupelekwa vitani. Alipitia mafunzo ya kikosi cha Ranger, kisha akatumikia katika kambi ya mafunzo ya milimani huko Colorado. Alifikiria kubaki jeshini moja kwa moja, lakini aliamua kwanza kujaribu bahati yake katika uigizaji.

Katika kipindi hicho alifanya kazi kwenye ukumbi wa Ramsdell katika mji wa Manistee, Michigan, kama fundi seremala wa jukwaa, kisha kama msimamizi wa jukwaa na mwigizaji. Hapo ndipo alipocheza kwa mara ya kwanza uhusika wa Othello wa Shakespeare, ambao aliurudia mara kadhaa baadaye.

Kazi ya jukwaani

Jones alihamia jiji la New York na kusoma katika shule ya American Theatre Wing, huku akijikimu kwa kazi ya kufagia na kusafisha majengo. Huko alikutana tena na baba yake, ambaye hakumfahamu utotoni. Robert Earl Jones alikuwa mwigizaji aliyezuiwa kufanya kazi katika filamu wakati wa msako wa watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Baba na mwana walipatana polepole, na waliwahi kucheza pamoja jukwaani.

Mwaka 1958 alipata nafasi ndogo ya mtumishi wa nyumbani katika tamthilia ya Sunrise at Campobello, iliyohusu maisha ya Franklin D. Roosevelt na kuonyeshwa kwenye ukumbi wa Cort wa Broadway. Jones alisimulia kuwa katika sentensi moja fupi aliyopewa aliwahi kukwama kwenye neno la kwanza, mbele ya watazamaji.

Mwaka 1961 alishiriki katika The Blacks, tamthilia ya mwandishi Mfaransa Jean Genet. Kundi la waigizaji hao lilikuwa pia na Cicely Tyson, Maya Angelou, Roscoe Lee Browne na Louis Gossett Jr., ambao wote walikuja kuwa watu mashuhuri. Aliigiza pia tamthilia nyingi za Shakespeare chini ya mtayarishaji Joseph Papp, ambaye maonyesho yake katika bustani ya Central Park yalikuwa bila kiingilio.

Jina lake lilikua kwa tamthilia ya The Great White Hope ya Howard Sackler, iliyoanza Washington, D.C. mwaka 1967 na kuhamia Broadway mwaka 1968. Jones aliigiza kama bondia Jack Jefferson, mhusika aliyetokana na maisha ya Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu. Katika hadithi hiyo bingwa anaandamwa na sheria na wazungu wanaotaka ashindwe, huku uhusiano wake na mwanamke mzungu, aliyeigizwa na Jane Alexander, ukifanywa kuwa kosa. Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa amenyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita ya Vietnam, alitazama tamthilia hiyo na kuona maisha yake mwenyewe ndani yake. Jones alishinda Tuzo ya Tony ya mwigizaji bora mwaka 1969.

Tuzo yake ya pili ya Tony aliipata mwaka 1987 kwa tamthilia ya Fences ya August Wilson. Humo aliigiza kama Troy Maxson, mzoa taka wa mjini Pittsburgh aliyekuwa mchezaji hodari wa besiboli enzi ambazo ligi kuu haikuwaruhusu watu weusi. Uchungu wake anaugeuzia familia yake, hasa mtoto wake wa kiume anayetaka kuwa mwanamichezo. Uhusika huo huhesabiwa miongoni mwa kazi zake kubwa kabisa za jukwaani.

Filamu

Filamu yake ya kwanza ilikuwa Dr. Strangelove ya mwaka 1964. Mwongozaji Stanley Kubrick alikwenda kumtazama George C. Scott katika The Merchant of Venice, na hapo akamwona Jones aliyekuwa akicheza kama mwana wa mfalme wa Moroko. Aliwachukua wote wawili. Jones alipewa nafasi ya luteni Lothar Zogg, mmoja wa wanajeshi ndani ya ndege iliyobeba bomu la nyuklia.

Filamu ya The Great White Hope ilitoka mwaka 1970, Jones na Alexander wakirudia nafasi zao za jukwaani. Kwa kazi hiyo Jones aliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa mwanamume mweusi wa pili kupata uteuzi huo, baada ya Sidney Poitier. Tuzo ilikwenda kwa George C. Scott.

Mwaka 1972 aliigiza katika The Man kama seneta anayejikuta kuwa rais wa kwanza mweusi wa Marekani, miaka 36 kabla ya Barack Obama kuchaguliwa. Mwaka 1974 alicheza na Diahann Carroll katika Claudine, hadithi ya mapenzi kati ya mzoa taka na mama mwenye watoto 6 anayeishi kwa msaada wa serikali.

Katika miaka ya 1980 na 1990 alionekana katika filamu nyingi. Alikuwa Thulsa Doom katika Conan the Barbarian (1982), mfalme Jaffe Joffer wa nchi ya kubuni ya Zamunda katika Coming to America (1988), mwandishi Terence Mann katika Field of Dreams (1989), na admirali James Greer katika The Hunt for Red October (1990) na filamu mbili zilizoifuata.

Mwaka 1995 alicheza katika Cry, the Beloved Country, filamu iliyotokana na riwaya ya Alan Paton kuhusu Afrika Kusini. Jones aliigiza kama mchungaji Stephen Kumalo, anayetoka kijijini Natal kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe na kukuta kuwa amemuua kijana wa kizungu. Tofauti na wafalme na majemadari wengi aliowahi kuwaigiza, huyu ni mzee mnyenyekevu asiyepaza sauti.

Darth Vader

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars (1977), mwili wa Darth Vader ulikuwa wa Mwingereza David Prowse, mtu wa miraba minne aliyevaa vazi jeusi na barakoa. Mwongozaji George Lucas alitaka sauti nyingine, nzito zaidi, akamwita Jones. Jones alirekodi maneno yote kwa saa chache. Mwenyewe alitaja kuwa malipo yake yalikuwa dola 7,000, na kwamba wakati huo alizifurahia.

Aliomba jina lake lisiandikwe katika filamu ya kwanza na ya pili. Alieleza kuwa mhusika alikuwa wa Prowse, na yeye alikuwa sehemu tu ya mbinu za kiufundi. Jina lake lilianza kuandikwa katika filamu ya tatu, Return of the Jedi (1983).

Katika The Empire Strikes Back (1980), Vader anamwambia kijana Luke Skywalker kuwa yeye ndiye baba yake. Siri hiyo ilifichwa hata kwa waigizaji. Jones alisimulia kuwa aliposoma maneno hayo alidhani Vader anadanganya.

Televisheni

Jones alikuwa miongoni mwa waigizaji weusi wa kwanza kupata nafasi ya kudumu katika tamthilia za mchana za televisheni ya Marekani, pale alipocheza kama daktari katikati ya miaka ya 1960.

Mwaka 1969, kipindi cha watoto cha Sesame Street kilipokuwa kikiandaliwa, alirekodi sehemu fupi ambamo anasoma herufi za alfabeti polepole, akinyamaza kwa muda kati ya herufi moja na nyingine. Watafiti wa kipindi waliona kuwa watoto walianza kwa kurudia herufi baada yake, kisha wakaisema pamoja naye, na mwishowe wakaitaja kabla yake. Kunyamaza kwake ndiko kulikowapa nafasi ya kujifunza. Watafiti hao waliyaita matokeo hayo kwa jina lake.

Mwaka 1979 aliigiza kama mwandishi Alex Haley katika Roots: The Next Generations, mwendelezo wa tamthilia iliyomtambulisha Kunta Kinte kwa watazamaji wa nchi nyingi.

Mwaka 1991 alishinda Tuzo mbili za Emmy kwa mpigo: moja kwa nafasi kuu katika mfululizo wa Gabriel's Fire, kama polisi wa zamani aliyetoka gerezani baada ya miaka 20, na nyingine kwa nafasi saidizi katika Heat Wave, filamu ya televisheni kuhusu ghasia za mwaka 1965 katika mtaa wa Watts, Los Angeles. Tuzo ya tatu ya Emmy, ya vipindi vya mchana, aliipata mwaka 2000 kwa Summer's End.

Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyotangaza jina la kituo cha habari cha CNN.

Mufasa

Mwaka 1994 Jones alitoa sauti ya Mufasa katika The Lion King. Hadithi yake inatokea katika mbuga za Afrika, na watengenezaji walifika Kenya kutazama mandhari kabla ya kuichora. Majina kadhaa ya wahusika ni maneno ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa na Sarabi, neno lenye maana ya mazigazi. Filamu hiyo pia ndiyo iliyoufanya usemi wa "hakuna matata" ujulikane na watu wengi wasiojua Kiswahili.

Sarabi, mke wa Mufasa, alipewa sauti na Madge Sinclair, mwigizaji mzaliwa wa Jamaika. Wawili hao walikuwa wamecheza kama mfalme na malkia katika Coming to America, na walikuwa pamoja tena katika Gabriel's Fire, ambayo ilimpa Sinclair Tuzo ya Emmy. Sinclair alifariki mwaka 1995.

The Lion King ilipotengenezwa upya mwaka 2019, waigizaji wa sauti walibadilishwa isipokuwa Jones. Mufasa alibaki wake.

Miaka ya baadaye

Jones aliendelea kupanda jukwaani akiwa mzee. Mwaka 2008 alicheza katika Cat on a Hot Tin Roof ya Tennessee Williams, iliyoigizwa Broadway na waigizaji weusi. Mwaka 2010 alicheza na Vanessa Redgrave katika Driving Miss Daisy, ambayo ilihamia London mwaka uliofuata. Huko, Novemba 2011, mwigizaji Ben Kingsley alimkabidhi Tuzo ya Oscar ya heshima jukwaani, mara baada ya onyesho la mchana. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 84, alicheza The Gin Game na Cicely Tyson, mwenzake wa tangu The Blacks.

Filamu ya mwisho kuonekana kwa sura ni Coming 2 America (2021), akiwa tena mfalme Jaffe Joffer.

Mwaka 2022 ukumbi wa Cort, ambako mwaka 1958 alikwama kwenye neno la kwanza, ulibadilishwa jina na kuitwa ukumbi wa James Earl Jones.

Sauti na akili mnemba

Umri ulipoibadilisha sauti yake, Jones aliridhia rekodi zake za zamani zitumike kuitengeneza upya sauti ya Darth Vader. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Respeecher ya Ukraine kwa ajili ya mfululizo wa Obi-Wan Kenobi (2022).

Mwaka 2025, baada ya kifo chake, mchezo wa kompyuta wa Fortnite ulimweka Darth Vader anayezungumza na wachezaji kwa sauti ya Jones iliyotengenezwa na akili mnemba. Familia yake ilikubali matumizi hayo. Hata hivyo, chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA kiliwasilisha malalamiko rasmi, kikidai kuwa kazi ya waigizaji wa sauti imechukuliwa bila chama kushirikishwa. Suala hilo limekuwa mfano unaotajwa katika mjadala wa nani ana haki juu ya sauti ya mwigizaji, na kwa muda gani.

Maisha binafsi na kifo

Jones alifunga ndoa mara mbili, zote na waigizaji. Ndoa ya kwanza, na Julienne Marie, ilifungwa mwaka 1968 na kuvunjika mwaka 1972. Mwaka 1982 alimwoa Cecilia Hart, na walipata mtoto mmoja wa kiume. Hart alifariki mwaka 2016. Mwaka huohuo Jones alieleza hadharani kuwa ana kisukari cha aina ya pili.

Kitabu cha maisha yake, alichoandika na Penelope Niven, kilitolewa mwaka 1993 kwa jina la Voices and Silences, yaani "Sauti na Vimya".

Alifariki nyumbani kwake katika jimbo la New York tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 93. Filamu ya Mufasa: The Lion King, iliyotoka Desemba mwaka huo, iliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Tuzo na heshima

- 1969: Tuzo ya Tony, The Great White Hope
- 1977: Tuzo ya Grammy, rekodi ya maneno yaliyosomwa, Great American Documents
- 1987: Tuzo ya Tony, Fences
- 1991: Tuzo mbili za Emmy, Gabriel's Fire na Heat Wave
- 1992: Nishani ya Taifa ya Sanaa ya Marekani
- 2000: Tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana, Summer's End
- 2002: Heshima ya Kennedy Center
- 2011: Tuzo ya Oscar ya heshima
- 2017: Tuzo ya Tony ya mafanikio ya maisha

Baadhi ya filamu

- 1964: Dr. Strangelove, kama Lothar Zogg
- 1970: The Great White Hope, kama Jack Jefferson
- 1972: The Man, kama Douglass Dilman
- 1974: Claudine, kama Roop
- 1977: Star Wars, sauti ya Darth Vader
- 1980: The Empire Strikes Back, sauti ya Darth Vader
- 1982: Conan the Barbarian, kama Thulsa Doom
- 1983: Return of the Jedi, sauti ya Darth Vader
- 1987: Matewan, kama mchimba makaa ya mawe
- 1988: Coming to America, kama mfalme Jaffe Joffer
- 1989: Field of Dreams, kama Terence Mann
- 1990: The Hunt for Red October, kama admirali James Greer
- 1994: The Lion King, sauti ya Mufasa
- 1995: Cry, the Beloved Country, kama Stephen Kumalo
- 2019: The Lion King, sauti ya Mufasa
- 2021: Coming 2 America, kama mfalme Jaffe Joffer